Dungu la Baba Mkwe

Jumatatu, 18 Novemba

Bunduki imefika. Nyepesi ajabu! Nimeinyanyua kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkate wenye soseji. Mke wangu Verna ameuliza ile ya zamani ina ubaya gani. Nimemweleza kwamba ni nzito, na milima yetu hii ya Potter haimhurumii mtu wa umri wangu. Akauliza nimeanza lini kupanda milima, maana kila msimu wa kulungu nakaa bondeni, karibu na barabara.

Hapo ndipo penye jambo. Baba mkwe, mzee Eldon, magoti yamemshinda. Hawezi tena kupanda ngazi ya dungu lake la kuvizia wanyama, lililo juu ya chemchemi, pale wanapopita kulungu wenye pembe za maana. Mwaka huu linarithiwa, na wakwe ni wawili: mimi, Lamar Fetterolf, na mwanyumba wangu Galen Troxell, aliyeoa mdogo wake Verna. Mzee ameamua tukutane uwanja wa shabaha Jumamosi, kila mtu risasi tano. Matundu ya nani yatakaribiana zaidi, dungu ni lake.

Galen anatumia bunduki ya marehemu babu yake, nzito kama reli. Hana darubini ya maana. Hasomi chochote. Namwonea huruma, lakini si sana.

Jumanne, 19 Novemba

Risasi za dukani ni za watu wasiojali. Mimi nashindilia zangu mwenyewe, chumba cha kufulia, kwa mashine ya mkono. Fataki, baruti, kichwa, basi. Baruti naipima punje kwa punje. Kitabu kinasema anza na kiasi kidogo. Nimekiheshimu kitabu, jambo ambalo Galen hawezi kulifanya kwa kuwa hana kitabu.

Maganda matupu nimeyafua kwenye mashine ya nguo, ndani ya foronya. Foronya imefunguka. Mashine sasa inalia kama mbuzi. Verna ameniambia kwa upole kwamba kuanzia leo nguo zangu nitafua mtoni, na mto umeanza kuganda.

Jumatano, 20 Novemba

Uwanjani. Kila meza ina karatasi yake ya shabaha kule mbele, yenye namba ile ile. Nimechagua meza ya nne, iliyo katikati na haipigwi na upepo. Inacheza mguu mmoja. Nimeuwekea kipande cha boksi, ikatulia.

Jambo ambalo tangazo la bunduki nyepesi halikulisema: teke ambalo bunduki nzito hulimeza, nyepesi humpa mwenyewe. Risasi ya kwanza, bega. Ya pili, bega lile lile. Ya tatu nilikuwa nimeinama mno, darubini ikarudi ikanichana juu ya jicho. Damu kiasi. Alama imebaki kama mwezi mchanga.

Nyumbani nimesema nimejigonga kwenye mlango wa kabati. Verna akakubali. Jioni mzee Eldon alipita kuchukua yai la mchuzi wake, akaniangalia usoni. Akauliza ni kabati gani hilo lenye mlango wa duara.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimerudi meza ya nne, jana na leo. Nimegundua mengi. Mtutu mwembamba ukipata moto, risasi zinaanza kutembea. Dawa ni kusubiri upoe. Nimegundua pia kwamba nafumba macho kabla ya kufyatua. Dawa ni kutofumba. Kufikia leo mchana mikono imezoea. Nakaa, navuta pumzi, jicho linaiona karatasi ya nne lenyewe bila kutafuta, navuta. Matundu matano yamefunikwa na kizibo cha chupa! Karatasi hiyo nimeiweka kwenye pochi. Zile nyingine nimezichoma kwenye jiko, maana matundu yake yalitawanywa na upepo.

Sasa mkakati. Kesho nitawahi, nitachomoa kile kipande cha boksi, halafu niketi meza ya tano. Galen akija ataketi ya nne, kando yangu, maana ndiyo isiyo na upepo. Meza itamcheza, risasi zitatawanyika, na hakuna mtu atakayejua. Si udanganyifu. Boksi ni langu.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika nikiwa nimetulia.

Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Boksi mfukoni. Mimi ya tano. Galen akaja na kofia yake ya masikio, akanisalimu vizuri, “Mwanyumba, jicho linaendeleaje?” Akaketi ya nne. Meza ikamcheza. Mzee Eldon alikuwa nyuma yetu kwenye kiti cha kukunja, anatafuna peremende, amejifunga blanketi miguuni.

Tukaanza. Nikakaa. Nikavuta pumzi. Jicho likaiona karatasi lenyewe bila kutafuta. Tano zote nilipiga taratibu, nikingoja mtutu upoe kila mara. Sijawahi kupiga vile maishani. Nikajua nimeshinda kabla sijanyanyuka.

Tukaenda kuziangalia. Karatasi ya tano ilikuwa safi kabisa. Haikuguswa hata na nzi. Karatasi ya nne, ya Galen, ilikuwa na matundu kumi. Matano makubwa yametawanyika huku na huku. Matano madogo yamekaa katikati, kizibo cha chupa kingeyafunika.

Nilimweleza mzee kwa ufasaha. Risasi yangu ni nyembamba, ya Galen nene, mtoto angeyatofautisha matundu. Mzee akasema anayaona, na kwamba katika miaka yote hajaona mkwe wake yeyote akipiga vizuri hivyo. Nikamshukuru. Galen naye, kusema kweli, alisema turudie, yeye hana haraka. Nikakubali upesi. Mzee akakataa.

“Lamar, mtu anayekosa kidogo simwogopi,” alisema. “Namwogopa anayepiga sawasawa kitu ambacho hakukiangalia. Karatasi ya nne ni ya Galen. Dungu ni la Galen.”

Njiani nilijaribu kumweleza mzee kuhusu mazoea ya jicho. Akauliza kwa nini basi sikukaa meza niliyoizoea. Nikasema redio ina habari za hali ya hewa, tusikilize.

Jumapili, 24 Novemba

Sikuenda kanisani. Bega. Roho pia, nikisema ukweli. Nililitaka dungu lile tangu mwaka niliomuoa Verna.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku ya Shukrani. Bata mzinga, viazi, pai ya malenge. Galen alikata nyama. Kabla ya pai mzee Eldon aligonga glasi. Tukadhani atasali tena. Akatangaza kwamba keshokutwa ataingia msituni mara moja ya mwisho, chini, bila ngazi, na atakaa na Lamar bondeni. “Huyu anahitaji mtu wa kumwambia anaangalia nini.” Watu wakacheka. Verna akaenda jikoni, akarudi macho mekundu. Vitunguu, nadhani, ingawa vilikuwa vimeshakatwa.

Kwa hiyo Galen amepata dungu, mimi nimepata mzee. Hakuna haki duniani.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya kufungua msimu. Theluji hadi vifundoni. Nilimbeba mzee mgongoni sehemu ya mwisho, kisha nikamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa gunia. Bunduki nyepesi, mzee mzito.

Hakunyamaza. Alinisimulia kulungu wake wa kwanza, aliyemkosa. Alinisimulia mama mkwe alivyokuwa msichana, mambo ambayo hata Verna hayajui. Alinimegea nusu ya mkate wake. Kulungu alipotokea, mwenye pembe nzuri, alinishika kiwiko na kuninong'oneza, akiuliza nyuma ya kulungu kuna nini. Nikaangalia. Nikasema ni mlima mtupu. Akasema, “Basi haya.” Risasi moja. Kulungu akalala palepale. Mzee akacheka hadi akashikilia mti, akaniwekea mkono shingoni, akaniita mwanangu. Hajawahi. Galen kule juu hakuona hata mkia.

Amesema mwisho wake hauwezi kuwa leo kama magoti yatakubali kubebwa. Mwakani nimwekee ndoo. Nimekubali kwa mdomo tu.

Kwa sababu haiwezekani. Mtu hawezi kuwinda huku ananong'onezwa na kutafuniwa peremende sikioni. Nimekwisha pata njia. Nitamwambia mzee kwamba Galen anaona upweke kule juu, kwamba amenililia mimi binafsi. Mzee ana moyo laini, atahamia kwake mara moja. Na kwa kuwa mzee hawezi ngazi, itabidi Galen ashuke akae naye bondeni.

Na dungu litabaki wazi.