Mwanafunzi wa Mzee wa Nyuki

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Hatungimana miguu haimpandishi mtini tena. Ametangaza kanisani kwamba Jumamosi atakabidhi mizinga yake yote ya nyuki ya msitu wa Kagerankanda kwa mwanafunzi wake. Mwanafunzi wake! Ni mimi, Reverien, nani mwingine? Nilimshikia kienge cha moshi wa kupoza nyuki nikiwa kijana, kabla sijahamia Kasulu mjini kuuza vitenge. Tatizo ni Winnie, binti wa jirani yake Mzee. Yeye huwa naye porini kila msimu. Anajipendekeza tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwa Mwalimu Niyonsaba, aliyenifundisha Kiswahili shuleni, kumuuliza neno mwanafunzi limetoka wapi. Kasema ni mwana, halafu kufunza: mtoto unayemlea kwa kumpa ujuzi wako. Mwana ametangulia! Nikakumbuka Mzee akinichomea viazi porini. Kila mzinga ukishuka, kipande cha kwanza cha sega alimpa mshika kienge, hata mchungaji akiwepo. Jamani, nilizitamani siku zile!

Nikampelekea Mzee mkungu wa ndizi, kama mtoto wa nyumbani. Nikamkuta Winnie uani anapura maharage ya Mzee. Nikamweleza asili ya neno. Akajibu kwamba kwao, kwa Kirundi, wanasema umwigishwa, yule anayefundishwa, na akaendelea kupura. Huyu maneno hayajui kabisa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua shati jeupe na marashi. Mrithi lazima anukie.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu!

Tulikusanyika porini, warina asali na kwaya nzima. Mzee akasema mrithi ashushe asali ya mzinga mmoja mbele ya watu. Nikajitokeza kabla Winnie hajainuka. Nikapanda. Nyuki hawataki marashi. Mzee aliniambia zamani sana, nikasahau. Wakanijia wote! Nikaruka. Kwaya ikatimkia mihogoni. Baadaye Winnie akapanda taratibu, akafukiza, akashusha masega mazima. Mizinga ni yake.

Mzee akaniketisha chini, akaanza kuniondoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, kama enzi zile. Vidole vyake bado vinanuka moshi. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mwana wanje, mwanangu, nilikupenda sana. Ila wewe ulikuwa unafuata sega. Kazi hukuitaka."

Nililia mbele ya kwaya nzima. Wakadhani ni miiba.

Jumatatu, 16 Juni

Jicho moja limefunguka. Nimetafakari kwa kina. Mzee kaniita mwana mbele ya mashahidi, tena wa kanisani! Hilo la kujifunza ni dogo, litajazwa njiani. Nimeshamwagiza fundi aniandikie kibao cha duka: REVERIEN, MWANAFUNZI WA MZEE HATUNGIMANA, ASALI SAFI. Asali yenyewe atakuwa ananiletea Winnie. Bado sijamwambia.