Nilivyofunga Mtandao wa Maziwa

Jumatatu, 3 Machi. Kashojwa, kambi ya wakimbizi.
Nimepata kazi! Bwana Twinomujuni, meneja wa kampuni ya maziwa huko Mbarara, amechoka na mtandao wa hewani unaokatikakatika. Anataka seva zake ziunganishwe kwa waya za Etheneti. Akauliza kama naijua Etheneti. Nikasema ndiyo, tangu kwetu Uvira. Ukweli ni kwamba nachaji simu za watu. Lakini waya ni waya! Nikifaulu, ajira ya kudumu. Benitha, mke wangu, anasema nimwombe msaada Mukarukundo, aliyesomea kompyuta hapa kambini. Yule! Alinisahihisha mbele ya wateja wangu. Kamwe.

Jumatano, 5 Machi. Nyamityobora, Mbarara.
Chumba cha seva kina baridi kama ya milima ya kwetu Minembwe. Nimechomeka waya tangu asubuhi kwenye swichi, kisanduku chenye matundu ishirini na manne. Taa za kijani kila mahali. Mimi ni fundi! Mchana akatokea nani? Mukarukundo. Meneja kamwita akague. Akashauri niandike namba kwenye kila waya. Nikamjibu nina kichwa kizuri.

Alhamisi, 6 Machi.
Tundu moja lilibaki wazi. Ncha moja ya waya ilining'inia. Nikaichomeka humo. Taa zote zikawaka kwa fujo, kama harusi! Nikamwita meneja aone kasi.

Simu ikalia. Clare, msimamizi wa kituo cha kupokea maziwa cha Bwizibwera: kompyuta zimeganda, maziwa hayapokelewi, wafugaji wamepanga foleni juani na madebe yao.

"Ezira, wewe nafanya nini? Maziwa ya watu naharibika!" meneja akafoka.

Nikasema mtandao unazoea. Nikazima seva. Nikawasha. Nikaongeza waya. Balaa zaidi! Hapo niliogopa kweli. Wale watu wamekamua tangu alfajiri.

Akaitwa Mukarukundo. Waya hazina namba, basi akapiga magoti, akafuata mmoja mmoja kwa kidole. Dakika arobaini! Akachomoa mmoja. Taa zikatulia. Clare akapiga tena: maziwa yanapokelewa. Maziwa ya madebe mawili tu yamechacha.

Mukarukundo akanionyesha: ncha zote mbili za ule waya zilikuwa kwenye kisanduku kimoja. Ujumbe ulizunguka humo humo bila kutoka.

"Ndugu Ezira, ulifunga mtandao kabisa," alisema. "Ungeniambia haujue, ningekufundisha. Hakuna haya mu kujifunza."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi.
Ajira kapewa yeye. Kamwomba meneja nibaki, niwe mwanafunzi wake miezi mitatu, nikiandika namba kwenye waya. Benitha karibu apige magoti nikubali. Mimi, mwanafunzi? Nimekataa kwa heshima.

Jumamosi, 8 Machi.
Mungu hanisahau! Nimekutana na Resty, muuza samaki, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Friji lake kubwa haligandishi. Mafundi wawili wameshindwa. Nikamweleza kwamba hao walikosa uzoefu. Sijawahi kufungua friji, ila nimeona moja kwa nyuma, na halitishi. Naanza Jumatatu saa tatu. Nimemwagiza anunue kabisa samaki wa wiki nzima.