Mzamiaji Aomba Uzamivu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kuku wamegoma kutoka bandani. Mimi pia nimegoma, lakini nimeambiwa sina banda.

Mchumba, yaani mjukuu wangu, kasoma tena lile tangazo kwenye kompyuta yake, akidhani hatusikii. Chuo kikuu fulani cha mbali kinatafuta watafiti wa uzamivu na wa baada ya uzamivu. Somo: modeli chotara za akili bandia. Watu waliozaliwa na akili wanaajiri watu wawatengenezee nyingine. Walizifanyia nini za kwanza?

Nikauliza chotara kivipi. Kanieleza, Babu, kuna mashine inayojifunza kwa kuona mifano mingi, kisha inabahatisha. Kuna nyingine inafuata kanuni tu, hata dunia ipinduke. Wanataka kuzioanisha. Nikasema hiyo si akili bandia, hiyo ni ndoa. Bibi yake, macho kwenye cherehani, kauliza humu ndani anayebahatisha ni nani.

Maombi yake keshatuma. Mwisho ni Ijumaa. Anasema akikosa nafasi hii atafundisha sehemu na desimali mpaka azeeke kwenye shule ileile.

Jioni Mstaafu kaegemea uzio. Huyu ni jirani, mwalimu mkuu wa zamani ambaye hajaarifiwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ilishalia. Kasema mtu aliyeishia darasa la sita hawezi hata kutamka uzamivu. Nikatamka. Kasema nimetamka vibaya.

Basi nami naomba. Baada ya uzamivu, si pungufu. Uzamivu ni kuzama, na mimi nimezamia maisha yangu yote. Harusi nisizoalikwa. Mikutano ya vyama nisivyojiunga navyo. Msiba wa mtu nisiyemjua, nikahutubia, na wenye msiba wakalia kuliko mwanzo. Sasa magoti hayaruhusu. Nimestaafu kuzamia. Kama hiyo si baada ya uzamivu, ni nini? Na kuku chotara ninao, wanataga.

Jumanne, 4 Machi

Mchumba yuko kazini. Kompyuta iko mezani, wazi kama mdomo wa Mstaafu. Nimeandika kwa kidole kimoja.

Wanataka machapisho. Nimewapa moja: "Mbwa Mkali", rangi nyekundu, kwenye geti letu. Mbwa hatuna. Kwa hiyo ni kazi ya nadharia.

Wanataka mada. Nimeandika kwamba kuku chotara huchukua nusu ya akili ya mama na nusu ya baba, na ukizijumlisha bado hazitoshi kuvuka barabara.

Wanataka mdhamini anayeifahamu kazi yangu. Nimemwandika Mstaafu. Ana cheo, ana barua pepe, na ananifahamu kuliko ninavyopenda.

Mwishoni mashine ikauliza: maombi ya awali yapo, uyabadilishe? Awali ya nani, sikuuliza. Sibishani na vyombo. Nikabonyeza ndiyo.

Jumatano, 5 Machi

Ya awali yalikuwa yake. Yangu yamekalia yake, kama kuku aliyetagia kiota cha mwenzie. Chuoni sasa wanaamini mjukuu wangu ndiye mwandishi wa "Mbwa Mkali".

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya. Kakaa kitandani na viatu vyake miguuni, kasema tu, Babu, ile nimeiandika tangu mvua za mwaka jana. Bibi yake kasema, wewe mzee wewe. Basi. Chakula cha mchana nimelia bandani.

Mchumba kamwandikia profesa kueleza. Tunasubiri.

Na kama hiyo haitoshi, Mstaafu kaja na simu. Chuo kimemwomba athibitishe sifa za mwombaji, yaani mimi. Kaisoma barua nzima kwa sauti ya gwaride, mimi nimesimama na ndoo ya pumba. Kisha kasema, jirani, nitajaza kwa moyo mmoja. Nimewahi kuona paka akitabasamu hivyo, na panya alikuwepo.

Ijumaa, 7 Machi

Profesa kajibu. Mchumba karuhusiwa kutuma upya, na usaili ni Jumatatu, kwa video. Eti maelezo ya kosa lile yamemchekesha sana. Ina maana nimemtafutia usaili. Shukrani sijaona.

Badala yake nimepewa amri: Jumatatu asubuhi nisionekane, nikakae kwa Mstaafu. Afadhali mahabusu. Kule hawakusahihishi sarufi.

Jumatatu, 10 Machi

Sebule ya Mstaafu ni picha tupu: Mstaafu akipokea cheti, Mstaafu akitoa cheti, Mstaafu akikitazama cheti. Nikamuuliza aliandika nini kuhusu mimi. Kasema ukweli, kwa neno moja: mzamiaji. Nikamwambia amekosea herufi tu.

Nikakumbuka vifaranga. Baridi hii, na taa yao haijawashwa. Nikaomba kwenda msalani, nikatokea dirishani, nikanyata hadi jikoni kwetu. Soketi ni moja, na ilikaliwa na kile kidude chenye vitaa vya kijani vinavyokonyeza watu siku nzima bila kazi. Nikakichomoa. Nikachomeka taa ya vifaranga.

Chumbani sauti ya profesa ikakatika katikati ya swali.

Mchumba katoka mbio, peku, kompyuta kifuani, karuka uzio kama mwizi wa mchana. Usaili kaumalizia sebuleni kwa Mstaafu, kwa mtandao wake, chini ya cheti. Mimi nimebaki jikoni nimeshika waya. Bibi yake kaniangalia, kauangalia waya, kaenda zake kushona.

Jumatano, 19 Machi

Kapata. Nafasi ya uzamivu. Anaondoka Agosti. Bibi yake kapiga kigelegele hadi jogoo akaingia uvunguni.

Mstaafu anawatangazia watu dukani kwamba sebule yake imetoa mzamivu. Sebule. Vifaranga wangu wamepona wote, hakuna anayewatangaza.

Kuhusu mimi, profesa katuma ujumbe kupitia kwa Mchumba: baada ya uzamivu huja baada ya uzamivu. Na hawa ndio wanaotengeneza akili.

Mchumba kanisomea mwenyewe, kacheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Kauliza huko atamcheka nani. Nikamwambia asijali, hilo ni vumbi la banda. Nami lilikuwa limeniingia. Banda lile lisafishwe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetafakari makosa yangu usiku kucha. Kosa ni la soketi. Nyumba yenye soketi moja jikoni haiwezi kuendeleza sayansi.

Bibi yake kanunua sanduku la safari, kubwa, la magurudumu, kaliweka ukumbini. Mzamiaji wa kweli hangoji kadi ya mwaliko. Walipokwenda sokoni, nimejipima. Kichwa kimeingia. Kifua kimeingia. Magoti, yaleyale.

Mstaafu kaja kuazima nyundo, kanikuta. Kasimama mlangoni, kauliza, jirani, ni nini tena hiki. Nikamwambia ni utafiti. Nusu ndani, nusu nje: chotara.

Kasema safari hii nimetamka sawasawa. Nikamwomba anisaidie zipu.