Chungu cha Mama Mkwe na Meli Mbili za Kwenda Ulaya

Leo nimepatikana.

Ndugu zangu wa chuo, nawaandikia sasa hivi, jua bado liko juu, kwa sababu nataka mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia kwa wachuuzi wa samaki. Habari za soko letu la Lyulilo hazingoji lori. Zinalitangulia.

Mnajua nimepata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza mwaka mmoja. (Ndiyo, mimi Gwakisa, yule yule mliyekuwa mkimvuta blanketi ili aamke.) Alhamisi ikaja barua ya wakala wa meli kutoka Dar es Salaam. Meli mbili zinaondoka mwezi ujao, zote zinapita Mfereji wa Suezi. Nichague moja, jibu liondoke na lori la posta Jumatatu.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha. Meli ya kwanza nyeupe, kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, ina ukumbi wa dansi na bwawa la kuogelea. (Bwawa la maji, juu ya meli, iliyo juu ya maji. Wazungu hawatosheki.) Ya pili nyeusi, fupi, nene, imekaa kama kiboko aliyenuna. Nyeupe inazunguka bandari nyingi. Nyeusi inatia nanga mara chache, inafika mapema.

Moyoni nilikwisha kuchagua nyeupe. Kwa nini? Picha yake ilikuwa nzuri. Basi.

Tatizo lilikuwa baba mkwe. Mke wangu Subilaga ni binti wa Kikisi kutoka Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa. Baba yake mvuvi, mama yake mfinyanzi. Nikisafiri, Subilaga na watoto wetu wawili watakaa kwao, na mzee alikuwa hajakubali. Alituma neno: "Sikatai kusoma. Lakini sitaki kumpokea binti yangu kama mjane. Nijue kwanza chombo kinachomchukua mumewe."

Basi jana tukaenda Ikombe na picha zangu mkononi. Kwa miguu, bila shaka. Mimi ni mtoto wa mpunga wa Makwale, maji ninayoyajua yanaishia magotini. Miaka saba ya ndoa naenda ukweni kwa njia ya mlimani, mawe na miiba, huku mitumbwi inanipita kule chini. Nikiulizwa, najibu kwamba mwalimu lazima afanye mazoezi ya viungo.

Leo asubuhi tukaketi. Mama mkwe alinipakulia ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchemsha. Nikala. Akaongeza. Nikala. Ukweni hukatai. Kisha nikatandaza picha mkekani, nikaanza kufundisha kama niko mbele ya darasa la nne.

"Zote mbili zinapita kwenye mfereji," nikasema.

Mama mkwe akainua kichwa. "Mfereji? Kama ule mnaopitishia maji ya mpunga kwenu?"

"Mkubwa zaidi, mama. Watu walichimba nchi kavu mpaka bahari mbili zikakutana. Meli inapita katikati, huku mchanga, huku mchanga."

Baba mkwe alikuwa anaiangalia ile nyeusi. Halafu akauliza swali la mtu anayejua vyombo: "Na ikikutana na nyingine mle ndani, ipi inarudi nyuma?"

Sikujua. Sijui hata sasa. Lakini je, mwalimu anayekwenda Ulaya anasema hajui?

"Yenye honi kubwa zaidi ndiyo inayopita, baba."

"Aa," akasema mzee. Akaniangalia kidogo. "Na wewe maji unayaweza? Siku zote hizo baharini?"

"Baba, kutapika ni kwa watu wenye mioyo midogo. Mimi bahari hainisumbui."

Subilaga alikohoa. (Ananijua. Tulipovuka mto kwenye kivuko cha magogo mwaka tulipooana, nilifumba macho mwanzo hadi mwisho.)

"Vizuri," akasema baba mkwe. "Leo ni siku ya soko. Tunapeleka vyungu Lyulilo. Twende wote kwa mtumbwi."

Subilaga akanivuta pembeni. "Baba Lugano, mtumbwi umejaa vyungu. Mimi na watoto tunapita mlimani. Njoo nasi, hakuna atakayesema kitu."

Hapo ndipo Mungu aliponifungulia mlango, nami nikaufunga. "Mtu anayekwenda kuvuka bahari," nikamwambia, "atatembeaje kwa miguu kukwepa ziwa?"

Nikavaa suti yangu mpya, ile niliyoshonewa kwa ajili ya safari, ili Lyulilo yote inione ninavyoshuka. Na tai.

Mtumbwi wenyewe ni gogo lililochongwa, mwembamba kiasi kwamba ukifikiria jambo zito upande mmoja unainama. Mimi niliwekwa mbele kabisa, nawapa mgongo wenzangu. Nyuma yangu vyungu vimepangwa, nyasi zimesokotwa katikati visigongane. Nyuma ya vyungu mama mkwe. Mwisho kabisa baba mkwe na kafi lake. Karibu na kiuno changu kilikaa chungu kimoja kizuri kuliko vyote, kimepakwa rangi nyekundu, kina nakshi nyeupe shingoni. Kilikuwa cha mama mchungaji. Alikiagiza kwa ajili ya harusi ya binti yake, na mama mkwe alikifinyanga kwa siku nyingi, cha kwanza kilipasuka motoni.

Mwanzoni ziwa lilikuwa limelala. Nikaanza hata kuonyesha kwa mkono: "Melini, baba, abiria wanasimama hivi, wanashika chuma, wanatazama mandhari."

"Usisimame," akasema mzee.

Tulipoiacha rasi ya mawe, upepo wa kusini ukatukuta. Mawimbi hayakuwa makubwa. Lazima niwe mkweli, kulikuwa na akina mama kwenye mtumbwi mwingine wanapita wanaimba. Lakini mtumbwi wetu ulianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na yule mbasa tumboni mwangu akakumbuka kwao.

Jasho likanitoka. Nikakaza macho kwenye milima. Milima nayo ikaanza kupanda na kushuka.

"Mkwe wangu, umenyamaza," mama mkwe akaita kutoka nyuma.

"Natazama mandhari, mama."

Nikiinamia ukingoni, tunapinduka. Nikigeuka, wananiona. Suti mpya. Tai. Na nimesema kwa mdomo huu huu kwamba kutapika ni kwa wenye mioyo midogo!

Ndugu zangu, chungu kilikuwa pale. Mdomo wake mpana, unanitazama.

Nilikikumbatia kama ndugu aliyepotea, nikainamisha kichwa, nikamaliza shughuli kimya kimya. (Kimya kwa kadiri mwanadamu anavyoweza.) Kisha nikachomoa nyasi kutoka kwenye vyungu vya jirani, nikaziba mdomo wake vizuri. Nikafuta ndevu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tukifika, nitakibeba mimi mwenyewe kwa heshima ya mama mkwe, nitakwenda nacho pembeni, nitakiosha, nani atajua?

Tukafika. Kabla miguu yangu haijashika mchanga sawasawa, wanawake kama kumi wa ukoo wa mama mkwe waliingia majini, kila mmoja ngata kichwani. Chungu hiki juu! Chungu kile juu! Mimi bado nayumba, nchi inacheza chini ya viatu vyangu, vyungu vyote vimeondoka kuelekea sokoni.

"Ngojeni! Niacheni nisaidie!"

"Pumzika, Mwalimu! Utachafua suti!"

Nikawafuata. Nilipofika vilikuwa vimepangwa chini, safu kwa safu, na si vyetu peke yetu. Mitumbwi mingine nayo ilikuwa imeshusha. Vyekundu vingi. Nakshi nyeupe nyingi. Na kila kimoja kina nyasi mdomoni! Wakisi wakishusha vyungu, nyasi za mtumbwini huzisokomeza midomoni. Hilo nilikuwa silijui, kwa sababu siku zote napita mlimani.

Sasa ningekitambuaje?

Kulikuwa na njia moja tu.

Nikachuchumaa ndani ya suti yangu, nikaanza kunusa. Chungu cha kwanza, udongo. Cha pili, moshi. Cha tatu, moshi. Watu wakaanza kupunguza mwendo. Mwenye ndizi akaacha kutaja bei. Nilikuwa nimefika cha tisa au cha kumi, pua ndani, makalio juu, niliposikia sauti.

"Ugonile, Mwalimu. Unanusa nini?"

Mama mchungaji. Nguo nyeupe, mwavuli, na kitabu cha nyimbo kwapani maana alikuwa anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Ningeweza kusema nimepoteza senti, nimepoteza sindano, nimepoteza akili. Badala yake mwalimu aliye ndani yangu akafungua mdomo.

"Nakagua udongo, mama. Chungu kizuri hujulikana kwa harufu. Kibaya hakina harufu. Ni sayansi."

"Kumbe!" akasema. "Miaka yote hii nagonga kwa kidole tu. Hebu na mimi nijifunze." Akageuka kwa mama mkwe. "Changu ni kipi, dada?"

"Hicho hapo, mbele yako."

Nilinyoosha mkono. Nilichelewa. Mama mchungaji alikuwa amekwisha kukiinua, kakiweka kifuani, kachomoa nyasi, kafumba macho kama mtu anayeomba, na akavuta pumzi. Pumzi ya mwimba sauti ya kwanza. Ndefu!

Sitasahau uso ule.

Hakukiangusha, Mungu ambariki. Alikirudisha chini polepole, akatoa leso, akasema kwa sauti nyembamba: "Mwalimu. Kama ni kwa harufu, hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

Mama mkwe akaja mbio, akachungulia. Akachungulia tena.

"Huyu," akasema, na soko zima likamsikia, "si mbasa wangu wa asubuhi?"

Mwe! Lyulilo ilipasuka. Mwenye ndizi alikaa chini. Wale akina mama waliotupita wakiimba, mmoja alilazimika kushikwa. Watoto wangu walikuwa ndiyo kwanza wanateremka kutoka mlimani na mama yao, na Lugano akauliza kwa nguvu, "Mama, baba ametapika kwenye chungu cha bibi?" Subilaga hakucheka. Aliangalia pembeni, mabega yanamtikisika.

Niliondoka. Nilikwenda ufukweni, nikakaa kwenye mchanga na suti yangu, nikafikiria kwamba safari imekufa. Si aibu peke yake, aibu huzoeleka. Nilikuwa nimemharibia mama mkwe kazi ya siku nyingi. Na mzee alitaka kukijua chombo, nami nimemwonyesha msafiri mwenyewe alivyo.

Baba mkwe akaja, akakaa kando yangu.

"Nilikuona tangu tulipopita rasi," akasema. "Mgongo wa mtu anayetapika naujua."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umevaa suti."

Nikamwambia yote. Kwamba naogopa maji. Kwamba habari ya honi niliitunga. Kwamba sijui meli ikikutana na nyingine mferejini inakuwaje, na kwamba katika safari nzima, huo mfereji ndio sehemu pekee ninayoitamani, kwa kuwa nitaona nchi pande zote mbili.

Mzee akachora mchangani kwa kidole. "Ziwa hili limechukua kaka zangu wawili. Wote walikuwa hawaogopi kitu. Asubuhi ulipokuwa unazungumza nilisikia sauti zao, nikasema moyoni, huyu simpi ruhusa. Sasa naona unaogopa. Anayeogopa maji hurudi nyumbani." Akasimama, akajikung'uta. "Subilaga na watoto watakaa kwangu mpaka utakaporudi."

"Ndaga fijo, baba," nikamshukuru. Nikasimama, nikamfuata.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amekiosha kile chungu kwa mchanga na majivu mara tatu. Mama mchungaji amekubali kungoja kingine. (Alisema atakuja kukichukua mwenyewe, na hatakinusa.) Hiki kilichooshwa mama mkwe alinitia mikononi. "Sasa ni chako. Utakwenda nacho melini. Huko hutakosa pa kutapikia."

Nilidhani anatania. Tayari kimeshafungwa kwa kamba na kimepangwa na sanduku langu.

Zilibaki zile meli. Subilaga akachukua karatasi za wakala, akazisoma hadi yale maandishi madogo ya chini ambayo mimi sikuyafikia kwa kutazama picha.

"Hii nyeupe," akasema, "chumba kimoja wanalala watu sita. Nyeusi wanalala wawili."

"Ndiyo. Na nyeupe ina ukumbi wa dansi."

"Baba Lugano. Unataka watu watano wakuone, au mmoja?"

Jibu kwa wakala nimelifunga tayari. Nyeusi.

Nasikia mnapanga kuja kuniaga kabla sijasafiri. Karibuni sana, tutachinja kuku. Ila nawaomba jambo moja: chekeni njiani. Chekeni mpaka mchoke, na mkifika mlangoni kwangu muwe mmemaliza.