Stima Hukimbia Maji Kila Jumanne

Fleti za Tumaini, Ghorofa ya Tano, Kayole

Kwa Mwenyekiti wa Wapangaji, Mzee Wanyonyi,

KUH: UGOMVI KATI YA MAJI NA STIMA

Natumai hujambo wewe na Mama Nasike. Mama mkwe wangu anafika Alhamisi ijayo kutoka Mwingi, mara yake ya kwanza kwetu, na sina maji ya kuoga ya kumpa. Naona aibu kabla hajafika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji ya mgao huja Jumanne tu. Pampu ikianza kuyapandisha kwenye tangi la juu, stima ya jengo zima hupotea, hadi jioni mlinzi Dishon abonyeze swichi kuu, maji yakiwa yameshakatwa. Wiki tano mfululizo! Hawa wawili wamekosana.

2. Mtaalamu redioni alieleza kwamba sehemu ya stima yetu hutokana na mabwawa, na tabianchi ikibadilika ukame hupunguza maji yake. Hapo nikaelewa. Stima imelelewa na maji, na sasa inanuna kwa sababu hailishwi.

3. Mwezi wa nne mvua ilipita kiasi. Mitungi yetu ilielea uani, ndani mikavu. Maji yalikuwa kila mahali ila kwenye mfereji, na hiyo naihesabu kuwa dharau.

4. Mke wangu Syombua ana mimba ya miezi minane, hawezi kupanda ngazi na mtungi. Nami, kwa heshima ya ukwe, siwezi kumpigia mama mkwe hodi bafuni nikiwa na ndoo yake.

Kwa hivyo naomba maji yaje Jumatano kwa siri, stima isijue. Ikishindikana, ghorofa ya tano ihamishiwe chini mpaka mgeni aondoke.

Nisalimie kamati yote, hata Triza wa ghorofa ya kwanza ambaye hajawahi kukosa maji.

Mpangaji wako mwenye vumbi,
Mbaluka

Tanbihi: Nimemsomea Syombua barua hii, akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniuliza maji yakifika huwa nafanya nini kwanza. Huwa nachota ndoo na kutumbukiza koili ya stima ya kuchemsha ili nioge maji moto. Kumbe koili na pampu zikiwaka pamoja, swichi kuu hujizima. Leo Jumanne nimeoga maji baridi, na stima haijapotea. Namba mbili bado ni kweli, ndiyo maana bado naituma barua. Ila mwambie Dishon azime pampu haraka, tangi limejaa na maji yanamwagikia nguo za Triza.