Kigari cha Umeme na Vijiji Vitatu vya Bondeni

Jumatatu, 4 Machi

Kimefika! Kigari cha umeme, viti vinne, rangi ya maziwa. Zamani kilibeba masanduku ya wageni hotelini. Hakina kelele hata chembe! Mpango: kuwatembeza watu vijiji vya kale vya bondeni, vyote vitatu, asubuhi moja. Nyumba za mawe, hewa safi, mimi kwenye usukani. Nani atakataa?

Mke wangu hakukataa. Ni fundi cherehani. Alitoa sindano mdomoni kwanza, kisha akasema amechoka kuolewa na mipango. Kuku wa mayai, mashine ya matofali, sasa hiki. Amenipa mpaka Jumapili. Kisipomridhisha mgeni hata mmoja, kinarudi kilikotoka, na mimi navaa aproni ya kijani nikauze misumari dukani kwa kaka yake.

Niamrishwe na shemeji! Heri nilale njaa.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja kukagua, mikono nyuma. Akauliza kama nimejaribu kile kilima cha kurudia. Nikamweleza kwamba barabara ni ile ile moja, kwenda na kurudi. Akatikisa kichwa. Wivu!

Kaacha zawadi: waya mrefu wa umeme wenye soketi, eti huenda nikauhitaji. Nilitaka kuutupa. Mke wangu kauweka chini ya kiti bila kuniuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni wamepatikana! Wateja wa mke wangu: muuguzi mstaafu, mumewe, na dada wa mumewe. Mke wangu kanionya kwamba mawifi hawa hawasemezani tangu mwaka jana. Si kitu. Watakuwa wanatazama nje.

Jioni nimeandaa historia ya kila kijiji. Nzuri sana. Mke wangu akauliza nimeitoa wapi. Kichwani, kwani wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mawifi walikaa nyuma, mikoba katikati, kila mmoja na dirisha lake. Kijiji cha kwanza nikawaonyesha ukuta wa ngome ya chifu. Hatukushuka, muda ni mali. Kijiji cha pili kina daraja la mawe; tulilipita kabla sijamaliza kulieleza. Cha tatu tukakizunguka, tukaanza kupanda kilima.

Shida ya gari lisilo na kelele ni kwamba hujui limezima. Nilijua tulipoanza kurudi nyuma.

Tukasimama mlangoni kwa bibi mmoja, nyumba ya mawe, ya mwisho kijijini. Akasema soketi ipo moja tu, jikoni. Waya ukafika, tena kwa kuvutwa! Betri ikaanza kunywa umeme taratibu, mchana kutwa.

Bibi akawapa wageni chai, kisha akawapa maharage wamenye, maana hakuwa tayari kuacha kazi zake kwa ajili yangu. Mawifi walikaa benchi moja. Wakaanza kwa kubishana jinsi ya kumenya. Baadaye nikawasikia wanacheka hadi wanafuta machozi. Bibi aliwaonyesha mwimo wa mlango wenye alama za vimo vya watoto wa vizazi vitano. Mume wa muuguzi, mzee mzima, akasimama pale naye apimwe! Halafu wageni wakataja ngome ya chifu, bibi akauliza ndiyo ipi. Nikaeleza. Akasema lile ni zizi la mbuzi la babake.

Mimi nilikaa kando ya soketi nikiitazama taa nyekundu. Nimeona aibu ya kutosha maisha yangu yote. Tumerudi jua likizama.

Jumapili, 10 Machi

Muuguzi kabisha hodi kabla ya chai. Nikajificha nyuma ya magauni ya wateja. Nikamsikia akimwambia mke wangu kwamba siku tamu kama ile hajaiona tangu aolewe, na kwamba leo wifi yake kamwalika chakula. Jumamosi yeye na wifi yake wanataka tena, pamoja na jirani mmoja. Kwa yule bibi.

Mke wangu kanitoa kwenye magauni, kanishika shavu, kasema kigari kibaki. Machozi yamenilengalenga. Naandika tu, hakuna asomaye humu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaza usiku kucha. Wale ni watu waungwana, wamenifichia hasira zao. Mchana mzima wamekwama jikoni kwa mtu, wakimenya maharage! Haitatokea tena.

Nimefunga betri kubwa! Imekula viti vyote vya nyuma, kwa hiyo wageni watapanda mmoja mmoja. Lakini vijiji vyote vitatu kwa nusu saa, bila kusimama popote! Nimempelekea muuguzi habari. Akauliza: na bibi je? Nikamtoa wasiwasi: nyumba yake tutaipita kwa kasi hata asituone. Furaha ilimziba mdomo kabisa.

Mke wangu ana sindano tatu mdomoni.

Waya nimemrudishia shemeji, kwa heshima zote. Kaupokea, kanitazama toka juu hadi chini, kisha kaniuliza navaa aproni saizi gani.

Wivu tu!