Jangwa Limenichukulia Mke

Jumatatu, 15 Septemba

Mke wangu, mama Jordan, bado yuko kwa dada yake Chemba. Pumu ilimbana, akafungasha, akasema hewa ya nyumba hii itamuua na harudi mpaka isafishwe. Hewa nayo husafishwa? Leo mtaa wetu, Area D nzima, umefunikwa ukungu wa rangi ya uji wa ulezi. Mkosaji namjua: jirani Abbasi na jiko lake la mishkaki! Nimefagia uwanja alfajiri, nimechoma taka zangu kama mtu mstaarabu, kisha nimekwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jumanne, 16 Septemba

Aibu! Mama mwenyekiti amekuja. Nimempa shikamoo ya heshima zote, nikamwelekeza kwa Abbasi. Yeye akaenda kwenye lundo langu, bado linafuka, akachokoa kwa kijiti. Pampasi. Chupa za soda. Raba kuukuu. Akauliza hiki ni nini. Nikamjibu ni usafi. Abbasi kacheka mpaka kashika ukuta, mshenzi yule! Nimeonywa mimi, mlalamikaji!

Jumatano, 17 Septemba

Nimeokoka! Mpangaji wangu Naima, mwalimu wa jiografia, kasema ukungu huu ni vumbi, tena si la Dodoma. Limetoka jangwani, mbali kabisa, likapaa na upepo, likatua kwetu. Akaendelea eti likifika mjini linagandwa na masizi ya magari na moshi wa taka, na mchanganyiko huo ndio unaokaba vifua. Sikumsubiri amalize, nilishashika simu. Nikamwambia mke wangu sina hatia, ni jangwa. Akasema atakuja Ijumaa asubuhi, ila akibanwa kifua getini hashuki kwenye bajaji. Nimelia, sioni haya kusema. Nampenda yule mwanamke.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefanya yote ya mume mwema. Nimefagia mpaka uchochoroni. Nimetoa magunia, ndoo zilizopasuka, hata lile godoro la sponji alilokuwa akililalamikia. Nikavitia moto vyote mapema ili akute nyumba inang'aa.

Bajaji ikafika, ikasimama. Nikamwona kajiziba pua kwa mtandio, macho yamemtoka, anampigapiga dereva begani. Ikageuza! Nimeikimbiza nikiita mama Jordan, mama Jordan, mpaka kwenye lami. Abbasi safari hii hakucheka. Aliniangalia tu, na hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Shemeji kapiga simu, kanitukana mpaka salio likamwishia. Bajaji ilimpeleka mke wangu moja kwa moja hospitali, amewekewa oksijeni. Nilipokwenda kumwona aligeukia ukutani.

Jangwa gani hili lisilo na huruma! Limevuka nchi za watu kuja kuninyang'anya mke mimi, mtu safi kuliko wote mtaani. Siku akiruhusiwa, lazima akute uwanja hauna hata jani. Godoro limeungua nusu tu. Nimeshanunua mafuta ya taa na kiberiti.